Syombua Aliyeivisha Kompyuta Sweta

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Syombua Muasya anaondoka katika kiwanda chetu cha sweta za shule, hapa Eneo la Viwanda Thika, baada ya kukitumikia miaka thelathini na minne. Kamati ya sherehe ilinipa nafasi kwenye kijitabu hiki na ikaniomba maneno matamu. Utamu mtaupata kwenye keki. Mimi nimempikia chai huyu mama tangu yeye na mimi tukiwa na viuno, na navijua vijiko vya sukari anavyoweka na vile anavyomwambia daktari. Kwa hivyo mtakayosoma hapa ni yale yaliyotokea, na asiyeyataka ageuze karatasi asome ratiba.

Aliingia mwaka wa 1991 akitoka kwao Masii, msichana mwembamba wa kucheka ovyo, akawekwa kwenye meza ya kuunganisha mikono. Kwa nyinyi mliokuja juzi na hamjui kitu: sweta hutoka kwenye mashine vipande vipande, kifua peke yake, mgongo peke yake, mikono peke yake, kama kuku wa duka. Kazi ya Syombua ilikuwa kuvirudisha viwe kitu kimoja. Alikuwa na haraka, na siku moja akatoa sweta lenye mikono miwili upande mmoja. Wengine wangeomba msamaha. Yeye alimwambia msimamizi kwamba hilo ni la yule mtoto anayependa kuinua mkono darasani. Hakufukuzwa. Msimamizi alicheka hadi akalipeleka kwa wenzake, na mfanyakazi akishachekesha msimamizi, siku zake zinaongezeka.

Baadaye alihamishiwa stoo ya uzi, na huko ndiko alikokuwa malkia wa rangi. Kijani cha shule hii si kijani cha shule ile, na Syombua alizijua zote bila kuangalia popote. Mwalimu mkuu mmoja alikuja hapa na tai yake, akadai kwamba rangi ya shule yake ni damu ya mzee. Syombua akamwambia si damu ya mzee, ni ya kijana, imeng'aa zaidi. Mwalimu akakasirika. Wakatoka na nyuzi mbili hadi mlangoni kwenye jua, na mwalimu akarudi kwake akiwa amefunzwa rangi ya shule yake mwenyewe.

Kisha ikaja kompyuta. Iliwekwa kwenye ofisi ya oda, kando ya ile mashine ya kudarizi inayoandika beji na maneno ya shule kwenye kifua cha sweta. Kompyuta ndiyo inayoiambia mashine iandike nini. Kiti hicho alipewa Syombua kwa sababu yeye ndiye aliyezijua shule zote, na kwa sababu wengine wote walikiogopa, msijifanye mmesahau. Aliandika kwa kidole kimoja, akidonoa kama kuku aliyeona mchwa, na mpaka leo anadonoa. Lakini niambieni shule gani iliwahi kukosewa jina na kidole kile. Nangoja.

Kompyuta yenyewe aliipa jina, akaiita Mutumia. Hapo ndipo tulipogombana, na sijamaliza. Kwao Ukambani mutumia ni mzee wa heshima, mwanamume mwenye fimbo yake. Kwetu Wakikuyu mutumia ni mke wa mtu. Mimi nilidhani ameipa jina la mwanamke mwenzetu, kwa vile inafanya kazi kutwa na hakuna anayeishukuru, nikaipenda. Niliipangusa vumbi miaka na miaka nikiizungumzia mambo ya wanawake, kumbe mwenzangu anamsalimia babu. Neno moja, vichwa viwili. Liwekeni hilo akilini, kwa maana lilirudi kutuuma.

Miaka ikaenda, Mutumia akazeeka kama sisi. Wakati fulani ilinunuliwa kompyuta mpya, nyembamba kama biskuti. Ikawekwa kando ya mashine ya kudarizi, zikatazamana kama watu wa upande wa bwana harusi na watu wa upande wa bibi harusi, hakuna aliyemsalimia mwenzake. Mashine ile ni kuukuu na inaelewana na Mutumia peke yake. Basi Mutumia akabaki kwenye kazi, na ile biskuti ikapanda juu kwa wakubwa kuangalia mpira.

Mwezi wa sita mwaka huu Mutumia akaanza visa. Ungemkuta anafanya kazi vizuri, halafu kioo kinasimama tu. Mshale hausogei. Ukibonyeza, kimya. Ukimpiga kofi, kimya, na hilo nilijaribu mwenyewe. Siku nyingine anazima katikati ya kazi na kuwaka tena bila kuambiwa, kioo cha bluu kimejaa Kizungu, kama mtu aliyeamshwa kwenye ndoto mbaya. Leo asubuhi, kesho jioni, keshokutwa hana neno. Vijana walisema imehang. Syombua hakulitilia maanani neno hilo, kwa sababu kwa vijana wetu kila kitu kimehang: simu, mapenzi, hata chai yangu ikichelewa kidogo.

Meneja wetu, Bwana Marvin, akamwita fundi Uthman kutoka Kahawa Wendani, ambako ana duka la kutengenezea wanafunzi wa chuo kikuu kompyuta zao. Uthman ni kijana mpole, amelelewa na nyanya yake Mombasa, na Kiswahili chake ni kile cha kusoma habari redioni. Yeye hasemi imehang. Alikitazama kioo, akamtazama Mutumia, akatikisa kichwa kama daktari na kusema kwamba imeganda. Akafungua lile sanduku ubavuni, akatoa ndani yake manyoya ya uzi ya kutosha kujaza mto, maana vumbi la kiwanda chetu ni sufu. Akapuliza, akafunga, akaenda zake.

Imeganda. Nyinyi mliosoma mmeshaanza kucheka. Ngojeni kwanza. Julai ilikuwa inaingia, na Thika mwezi wa Julai jua huomba ruhusa na halirudi. Jikoni kwangu mafuta ya kupikia yalikuwa yameganda kwenye mkebe, nayachota kwa kisu. Vijana wa kupakia mizigo walikuwa wanavaa sweta za wateja, na nimewaona, msiniangalie hivyo. Halafu fundi mwenye bisibisi mkononi anakwambia mzee wako ameganda. Ungefanya nini? Syombua alifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye huruma, na aliyezungukwa na sufu, angefanya. Alimshonea sweta.

Na lilikuwa sweta kweli, msifikiri ni kile kitambaa cha kufunika redio. La kijani, la sufu nzito tunayowauzia watu wa Limuru, lenye kifua, mgongo na pindo la kubana chini. Shingo ya V iliacha kitufe cha kuwashia kikiwa nje, na nyuma kulikuwa na tundu la nyaya lenye kifungo, ili upepo usipenye. Mimi nilishauri vifungo viwe mbele kwa kuwa ni mwanamke. Yeye akasema ni mwanamume, shingo ya V inamtosha. Mabishano hayo yalikula chai ya saa nne na chai ya saa kumi. Bwana Marvin alipita, akaliona, akacheka mpaka akashika mlango. Akapiga picha, akaiweka kwenye ukurasa wa kiwanda mtandaoni, na chini yake akaandika, "Hata kompyuta yetu haisikii baridi." Watu waliipenda. Nakala kubwa ya picha hiyo ikabandikwa mapokezi, na iko pale mpaka leo. Hiyo nayo iwekeni akilini.

Mutumia akazidi kuganda. Syombua akamwongezea skafu.

Kila Uthman alipoitwa, aliingia kwa mlango wa nyuma wa mizigo, na Syombua alimvua Mutumia kwanza, akalikunja sweta na kulitia kwenye droo. Mgonjwa huvuliwa kabla daktari hajaingia, na tena mikono ya mafundi ina mafuta. Uthman anambeba akiwa uchi mpaka Wendani, anamwasha dukani kutwa, Mutumia hagandi. Akabadilisha vile vijiti vya kumbukumbu. Akabadilisha kile kisanduku cha kuingiza umeme. Akapaka dawa nyeupe, kama ya meno, kwenye kile kipande kinachofikiri. Akauliza kama kuna mtu anachomeka kitu kizito kwenye waya wa ofisi ya oda, na alipouliza alilitazama jagi langu la umeme kwa jicho ambalo bado sijamsamehe. Kule kwake Mutumia mzima kama kigongo. Akirudishwa hapa na kuvikwa, kabla sijamaliza kugawa vikombe ameshasimama. Wendani mzima, Thika kazima.

Watu wakaanza kusema. Wengine walisema ni jicho la jirani. Wengine walitaka mchungaji aje aombee nyaya. Na wengine, ambao majina yao nayajua na nitawakatia keki nyembamba, walisema chini chini kwamba ni mkono wa Syombua, kwamba mama amechoka na mashine imemchoka.

Mwisho wa Agosti ikatoka oda ya shule moja ya upande wa Ruiru. Maneno ya shule hiyo, ambayo huandikwa chini ya beji, ni TUSOME TUSICHOKE. Mashine yetu huandika sweta nyingi kwa mpigo, zimepangwa kwa safu, na siku hiyo Mutumia aliganda safu nzima ikiwa katikati ya neno la pili. Mashine iliponyamaza, Syombua akiwa stoo akichagua uzi, wasichana wa ufungaji wakadhani imemaliza. Wakakunja, wakafunga, gari likaondoka.

Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe. Alisimama mapokezi akaliinua sweta moja juu kama bendera, na sote tukalisoma: TUSOME TUSI. Alisema wazazi wanauliza ni matusi gani hayo yanayofunzwa shuleni, na kwamba watoto wa darasa la sita wamejitolea kutoa mifano.

Mimi nilicheka. Naandika hivyo kwa sababu kila mtu alinisikia. Lakini Bwana Marvin hakucheka, na Syombua akaitwa ofisini. Nilikuwa nimepeleka chai humo, nikaimimina polepole. Bwana Marvin hakupaza sauti. Alimwita Mama Mbaluka, kama tunavyomwita kwa jina la mwanawe, akamvutia kiti. Akamweleza kwa adabu kwamba fundi ameipima mashine na haina shida ikiwa mbali naye. Akasema itakuwa heshima kwake apumzike mapema, mwisho wa Septemba, na Mourine, msichana wetu wa ofisini, achukue kiti. Mtu akikutukana unamrudishia. Akikufukuza kwa heshima, unamrudishia nini?

Mnaojua kazi hii mnajua alichokuwa ananyang'anywa. Oda za Januari huingia Oktoba na Novemba. Hapo ndipo shule zote za kutoka Thika mpaka Mwiki zinapopiga simu kwa pamoja, na hapo ndipo Syombua huwa Syombua. Kumwondoa Septemba ni kumtoa mpishi jikoni githeri ikiwa motoni, halafu watu waje waseme haikumwivia. Miaka thelathini na minne, na ambacho angekumbukwa nacho ni TUSI.

Hakulia. Aliomba kitu kimoja tu, Uthman aje akae na Mutumia siku nzima hapa hapa kiwandani, watu wote wakiona. Bwana Marvin akakubali. Syombua akarudi kwenye kiti chake, akamfunga Mutumia kile kifungo cha nyuma, akamwambia kwa Kikamba maneno ambayo sikuyaelewa. Kwa mara ya kwanza sikuuliza.

Uthman alikuja asubuhi. Mutumia akavuliwa, kama ilivyo desturi. Wakakaa naye kutwa, mashine ikiandika simba, ikiandika tai, ikiandika mwenge na kitabu kilichofunguliwa. Hakuganda hata kidogo. Jioni Bwana Marvin alisimama mlangoni, akatazama, akafungua mikono yake. Uthman akakusanya vifaa vyake na kutoka akiwa ameinama, kana kwamba yeye ndiye aliyeachishwa.

Syombua alibaki. Zile sweta za TUSI zilikuwa zimerudishwa, na aliazimia kutoa nyingine mpya kabla hajaondoka. Nje kulikuwa na manyunyu. Akamvalisha Mutumia sweta, akamfunga skafu, akaanza kudonoa. Mimi nilikuwa nasuuza vikombe vya ofisi. Sikuwa nimemaliza vikombe, kioo kikasimama. Na hapo hapo mlango ukafunguliwa, Uthman anaifuata bisibisi yake aliyoisahau dirishani.

Aliliona sweta, akaiona na skafu. Akaweka kiganja ubavuni mwa Mutumia na kukitoa haraka, kama aliyegusa sufuria.

"Mama," akasema, "hii imevaa nini?"

"Sweta," Syombua akajibu. "Si wewe ulisema imeganda?"

Uthman akakaa chini juu ya furushi la uzi. Kisha akaeleza, taratibu, kwamba ndani ya sanduku lile kuna moto, na feni ya kuutoa nje kupitia vile vitundu vya ubavuni na vya nyuma. Vitundu vikizibwa, kwanza na manyoya na baadaye na sweta, moto hauna pa kwenda, na ukizidi, mashine inasimama yenyewe isije ikaungua. Kumbe haigandi kwa baridi, inaganda kwa joto. Nikamwambia pale pale kwamba maisha yangu yote jikoni, kitu ninachokijua kinachoganda kwa joto ni yai. Akasema basi, cucu, kama wote hapa wanavyoniita, yaani nyanya kwa Kikuyu, hii ni yai. Sikupendezwa na jibu hilo, lakini lilikuwa zuri.

Syombua hakucheka na sisi. Alikuwa ameona jambo ambalo sisi hatujaliona. "Basi kumbe ni mkono wangu kweli," akasema, na akaanza kufungua kile kifungo cha nyuma.

Asubuhi tulikwenda wote watatu kwa Bwana Marvin, mimi nikiwa na birika ili niwe na sababu. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kile tulichoogopa, kwamba basi alikuwa sahihi, ni Mama Mbaluka aliyekuwa akiizima. Uthman hakumwacha afike mbali.

"Mkono ni wake, neno ni langu," akasema. "Ningesema imehang kama watu wa huku, asingeishonea kitu."

Ndipo mimi nikamwomba Bwana Marvin msaada mdogo. Nilimwomba twende mapokezi anisomee maneno yaliyo chini ya ile picha kubwa, maana miwani yangu niliiacha jikoni. Kwenda akaenda. Akayasoma kwa sauti, yeye mwenyewe, maneno yake mwenyewe, mbele ya Syombua na mlinzi na wateja wawili. Hata kompyuta yetu haisikii baridi. Alipomaliza akayasoma tena, bila sauti. Tuliporudi alikunywa chai yake ikiwa ya moto kabisa, jambo ambalo hajawahi kufanya, na akasema Mama Mbaluka ataondoka Novemba kama ilivyoandikwa. Namsifu kwa hilo. Kuna mameneja ambao wangeibandua picha.

Tangu siku hiyo Mutumia yuko uchi na hajaganda. Oda za Januari zimeingia zote na zimetoka zote, na mkono uliozipokea ni wa Syombua, kidole kimoja. Mourine anayekirithi kiti amefunzwa rangi, na amefunzwa kumwekea Mutumia kiganja ubavuni kila asubuhi kama mama anayepima homa ya mtoto. Uthman aliliomba lile sweta la kijani, akapewa, limetundikwa dukani kwake Wendani. Na nasikia siku hizi mteja akimletea kompyuta iliyosimama, Kiswahili cha redio anakiweka kando, anasema imehang.

Sasa nakugeukia wewe, Syombua, na ukae chini usikilize, maana hujawahi kunisikiliza. Tunakushukuru kwa mikono yote uliyoiunganisha, hata ile miwili ya upande mmoja. Tunakushukuru kwa rangi, kwa kicheko, na kwa kutuonyesha kwamba hata mashine inaweza kupendwa mpaka ikose pumzi.

Zawadi yako imefungwa kwenye karatasi, lakini nakwambia ni nini, kwa sababu siwezi siri. Sweta moja kati ya yale yaliyorudi kutoka Ruiru hatukulifumua. Jumanne wiki hii, ulipokwenda benki, tulilirudisha kwenye mashine, Mourine akamwasha Mutumia, na kiwanda kizima kikasimama kuzunguka ile sindano. Hakuna aliyepumua. Ikaandika C. Ikaandika H, na O, na K. Kwa E, Bwana Marvin alinishika mkono. Sasa linasoma TUSOME TUSICHOKE, na ukiangalia kwa karibu utaona mahali ambapo uzi wa zamani unakutana na mpya. Hapo ndipo walipotaka kukukatia, nasi tukakuunga.

Ni la mtoto wa darasa la sita, halitakuingia hata kichwani. Usiivishe televisheni.

Nenda Masii salama, mama, kwenye jua lako. Kaa kivulini, fungua madirisha, pumua, na usigande, wala kwa Kiswahili chetu wala kwa cha Uthman. Na Mutumia tutamsalimia kwa niaba yako. Yeye ni mwanamke.

Cucu wa Kagwe, jikoni